Brian Lima ni zaidi ya klipu moja

Mtaje Brian Lima kwa shabiki wa raga, atakutolea simu akuonyeshe klipu ile ile. Brisbane, Novemba 2003, Kombe la Dunia, Samoa na Afrika Kusini. Derick Hougaard wa Afrika Kusini ananyoosha mikono juu kudaka pasi, mbavu ziko wazi, na kabla mpira haujatulia mkononi Lima wa Samoa anafika kwa kasi yake yote na kumvaa. Pigo la kutisha. Hata mimi nimelitazama mara nyingi. Ila inaniuma kwamba mtu wa kiwango chake anakumbukwa kwa sekunde mbili, tena za mechi ambayo Samoa ilichapwa 60-10.

Kinachonivutia mimi kwa Lima ni kubaki na Samoa. Alizaliwa Apia mwaka 1972, na akiwa na miaka 19 tu alikuwa winga wa timu iliyoishangaza dunia kwa kuifunga Wales 16-13 mjini Cardiff, mwaka 1991. Katika kikosi hicho cha Cardiff alikuwemo pia Frank Bunce, mzaliwa wa Auckland. Mwaka uliofuata Bunce alikuwa amevaa jezi nyeusi ya New Zealand. Stephen Bachop naye akafuata njia hiyo baadaye. Simlaumu yeyote kati yao. Mchezaji ana miaka michache ya kula jasho lake, na Samoa ni nchi ndogo isiyo na fedha za kumlipa. Kanuni za wakati ule ziliruhusu kubadili nchi.

Lima alicheza ngazi ya klabu na majimbo New Zealand, akacheza Japani, akacheza Ulaya, lakini kila Kombe la Dunia lilipofika alirudi kwenye jezi ya bluu ya Samoa: 1991, 1995, 1999, 2003, 2007. Ni yeye wa kwanza duniani kucheza makombe matano, na humo alifunga trai 10, yaani mara 10 aliugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Kwa timu ambayo haijawahi kuvuka robo fainali, hizo si trai za kubahatisha.

Mechi ninayoipenda zaidi ni ya 1999, Cardiff tena. Wales walikuwa wameshinda mechi 10 mfululizo, wako nyumbani, na Samoa ikawafunga 38-31. Tazama waliokuwa uwanjani: Lima, Bachop aliyekwisha kurejea, na Va'aiga Tuigamala, mzaliwa wa Samoa aliyeichezea New Zealand mechi 19 kabla ya kurudi kwao. Mwaka uliofuata mlango huo wa kubadili nchi ukafungwa, mchezaji akawa mali ya nchi moja maisha yake yote. Tangu Januari 2022 umefunguliwa tena kwa anayekaa miaka mitatu bila kuchezea timu ya taifa, na kwangu mimi hilo ni jambo la haki lililochelewa mno. Fikiria Samoa ingekuwa timu gani kwa miaka ile zaidi ya 20!

Mwisho wa Lima haukuwa mzuri. Mwaka 2007 huko Nantes alimkaba Jonny Wilkinson wa Uingereza juu mno, akafungiwa, na Kombe lake la tano likaishia hapo. Alikuwa na makosa yake, na lile lilikuwa kosa kweli. Lakini mwaka 2011 aliingizwa katika orodha ya magwiji wa raga duniani, na aliistahili nafasi hiyo hata kama Hougaard asingedaka pasi ile.