Sikuwa Nimejificha, Nilikuwa Nimekwama

Niseme mapema, kwa sababu najua yule rafiki yangu Kinyozi ameshanyoa nusu ya mtaa wetu wa Free Area akisimulia yake: sikuwa namkwepa mwenye nyumba. Sikuwa nimejificha. Mtu anayejificha huchagua mahali ambapo anaweza kutoka. Mimi nilikuwa nimekwama, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, hata kama ukiwa nje ya pipa huoni tofauti.

Ndiyo, pipa. Tulieni, tunafika.

Mnajua nilikuwa nahamia Kiamunyi, mtaa mwingine wa hapa hapa Nakuru. Notisi nilitoa, ya mwezi mzima, kwa maandishi, na nakala ninayo. Kodi nililipa. Kilichobaki ni bili ya maji, shilingi 350, ambayo mama mwenye nyumba alisema ataijia mwenyewe siku ya kuhama. Angekagua nyumba kwanza, kisha tuongee habari ya deposit. Deposit yangu ilikuwa 8,000, na aliyewahi kupanga anajua kwamba pesa hizo huingilia mlangoni zikatokea tundu la ufunguo. Tena tangu Nakuru iwe jiji, Desemba 2021, huyu mama wetu hukagua na tochi, hata mchana.

Basi nikajipanga. Alfajiri nilipiga pasi kila nguo niliyo nayo, soksi, pazia, hadi kitambaa cha meza, kwa sababu tokeni za stima hazihami na mtu. Zinabaki kwenye mita zikimwangazia mgeni asiyekujua. Nikachemsha maji nisiyokuwa na kazi nayo. Mnaocheka, subirini siku yenu ya kuhama. Vyombo nikavifunga kwa magazeti, sufuria ndani ya sufuria, mtungi wa gesi wa kilo 6 ndani ya karai, vitabu kwenye gunia la viazi. Nguo ndizo zilizonishinda. Mabegi yalijaa hadi zipu zikakataa, na bado kitandani palikuwa na sweta mbili na lile koti langu la mtumba, zito, lenye manyoya kwa ndani. Ilikuwa Julai. Baridi ya Nakuru ya Julai mnaijua. Nikaona ya nini kuhangaika kutafuta mfuko mwingine. Nikavivaa vyote.

Shikeni hapo: sweta mbili, na koti.

Likabaki pipa. Ni lile la buluu la plastiki, la lita 120, mdomo mwembamba kuliko tumbo, ambalo bila hilo huwezi kuishi upande wetu maana mfereji hutoa maji siku unazoamua wenyewe. Siku nyingine zote ni maji ya kisima, na maji ya kisima ya huku hayaji peke yake. Floridi yake, madini yaliyomo, ndiyo iliyotupaka meno haya rangi ya kahawia, na tope lake lilikuwa limejijengea ukoko chini ya pipa tangu nilipohamia. Kinyozi alikuwa ameniambia nilibebe tu hivyo hivyo. Siwezi. Nyumba mpya, jirani wapya, halafu wa kwanza kushuka kwenye kanta, lile lori la kuhamisha vitu, ni pipa chafu?

Nikatia maji kidogo na sabuni ya unga, nikachukua waya wa kusugulia sufuria, nikainama. Mkono haukufika. Nikaingiza kichwa. Bado inchi chache hivi. Nikaingiza mkono wa pili nijishikilie vizuri, nikajivuta mbele, na vidole vya miguu vikaaga sakafu.

Sasa twende polepole.

Nilipojaribu kurudi nyuma, mimi nilirudi lakini koti halikurudi. Lilipanda, likajikunja lote kwapani, sweta mbili zikalifuata, na vyote vitatu vikakaza kati ya mabega yangu na ukingo wa pipa. Mikono ilikuwa imenyooka mbele ya kichwa, haikunji, haisukumi, mmoja bado umeshika waya. Nikarusha miguu. Pipa likayumba, likafikiria, likaanguka ubavu, nami ndani yake.

Mtu mwenye busara angelala pale akangoja kanta. Lakini mwenye busara hajui jinsi pumzi inavyorudi usoni ukiwa ndani ya pipa, ina harufu ya sabuni na ya chai ya asubuhi. Nikakunja magoti, nikayakanyagia sakafu, nikainuka.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba chini ya pipa sasa ni juu. Yale maji ya sabuni, pamoja na ukoko niliokuwa nimeukwangua, yote yalinishukia kichwani. Macho. Masikio. Shingoni hadi mgongoni, ndani ya sweta ya kwanza, kisha ya pili. Nikapiga kelele, na kelele ikazunguka humo ndani ikanirudia kwa sauti ya mtu mzima kuliko mimi.

Mlango nilikuwa nimeuacha wazi kwa ajili ya kubeba vitu. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: hatua chache hadi kwa Mama Pendo, jirani wa mlango wa pili, nimwite, anivute, tumalize kimyakimya. Nikatoka. Nilikuwa naona miguu yangu tu na kipande cha sakafu ya veranda. Sikuona kamba ya nguo. Shuka la Mama Pendo, bichi, likatua juu ya pipa likaning'inia mbele, sasa hata miguu sikuiona. Ndipo nikasikia sauti ndogo ya Pendo, wa chekechea, mtoto ambaye juzi tu nilimnunulia biskuti:

"Mama! Kuja uone! Pipa iko na miguu!"

Nikasema, "Pendo, ni mimi, ita mama." Nilikusudia kuongea taratibu. Kilichotoka humo ni ngurumo. Mtoto alikimbia akilia hadi nikasikia kandambili moja ikibaki nyuma.

Kisha kimya. Kisha mlio wa geti. Kisha viatu, vingi, vinakuja, vinasimama.

Ko, ko, ko. Mtu anabisha kwenye pipa.

"Hodi?"

Jamani, mimi nimelelewa na nyanya yangu, na kwa nyanya yangu hodi haikai bila jibu, uwe jikoni, uwe msalani. Mdomo ulijibu kabla akili haijafika.

"Karibu."

Sijui kama mmewahi kusikia watu wakikosa la kusema kwa pamoja. Nilihesabu matone yaliyokuwa yakidondoka kutoka puani.

"Kijana," akasema mama mwenye nyumba, "ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Unafanya nini humo?"

"Naosha, mama."

Mwanamume mmoja, sauti ya mtu mstaarabu, ya mtu aliyevaa tai, akanong'ona: "Huyu ndiye anayehama, ama ndiye jirani?" Kumbe mama alikuja na mume na mke waliotaka kuiona nyumba. Nikasikia mke akimwambia amwache amalize kuosha.

Mngedhani mama angeuliza kama napumua. Huyu mama ana ploti tatu, hakuzipata kwa kuuliza maswali ya aina hiyo. Aliinama karibu na pipa, nikaona ncha za viatu vyake chini ya shuka, akasema kwa sauti ya chini, ya kunisitiri mbele ya wageni:

"Na ile ya maji?"

"Nitatuma, mama."

"Utatuma saa ngapi?"

"Nikitoka tu, mama."

Na ni wakati huo huo, si dakika moja kabla wala baada, ambapo Kinyozi aliingia na kanta. Alichokiona yeye ni mwenye nyumba amesimama juu ya pipa lililofunikwa shuka, anadai, na pipa linaahidi kutuma. Ile ya kuosha hakuisikia. Ya sweta hakuisikia. Aliyeshika simu kwanza na kiuno changu baadaye ni yeye, kwa hiyo ile video mliyotumiwa inaanzia "Nitatuma, mama," na nawaomba muwaambie wenzenu kwamba kuna sehemu ya mwanzo.

Yaliyofuata ni ya kawaida. Utingo wa kanta alishika pipa, Kinyozi akashika kiuno, wakavuta, suruali ikatoka kabla yangu. Mafuta ya kupikia yalikuwa yamefungwa chini kabisa ya gunia la tatu, kwa hiyo Mama Pendo akaleta yake, akanipaka kwapani akiwa ameangalia upande wa geti. Koti likachanika mshono, nikatoka. Nilimsalimia yule mume na mke kwa mkono. Mume alinipa kifundo cha mkono, kwa sababu ya mafuta.

Dereva alidai 1,000 ya kungojeshwa. Pendo hanisalimii. Kiamunyi ni pazuri, upepo na vumbi tu, na majirani wapya wananiita "Baba Pipa" ingawa sijawahi kumweleza mtu yeyote huko chochote, na Kinyozi anaapa hajui yeyote anayekaa huko. Mama alituma salio la deposit jioni ile: ametoa 3,500 ya rangi, 800 ya kitasa, 350 ya maji, na 200 ya kufua upya shuka la jirani. Nimebaki na 3,150.

Nyumba waliichukua wale wale, siku ile ile, pamoja na tokeni zangu. Juzi mke alinipigia, namba alipewa na mama, anauliza kama naliuza lile pipa maana mfereji umekauka tena. Nikamtajia 1,200. Anasema hiyo ni bei kali sana kwa pipa lililokwisha kuvaliwa.