Kitanda cha Shangazi Angani

Mwaka jana familia yetu ilichanga fedha ili shangazi yangu, ambaye amevuka miaka sabini na ambaye mgongo umemtesa tangu alipoanguka kwenye ngazi za nyumba yake mtaani Buruburu, Nairobi, asafiri hadi Singapore kumwona mjukuu wake wa kwanza. Mimi nilichaguliwa kumsindikiza. Mabishano yaliyozuka hayakuwa juu ya safari bali juu ya kiti: nilishikilia kwamba kipande kirefu cha safari, kutoka Johannesburg hadi Singapore, asafiri katika daraja la biashara, naye kaka yangu mkubwa akasema kwamba bei hiyo, iliyozidi mara tatu ile ya daraja la kawaida, ingelipa karo ya mtoto wa sekondari na kubakisha. Hoja yake ilikuwa nzito na sikuidharau. Hata hivyo nilisisitiza, nikajilipia tikiti yangu mwenyewe ili nisimwache peke yake, na leo bado naamini nilikuwa na haki.

Hapa Nairobi daraja la biashara hutajwa mara nyingi pamoja na wabunge, wakurugenzi na mvinyo wa bei ghali, na ndiyo maana mtu wa kawaida akisikia kwamba mwanamke mstaafu ametandikiwa kitanda ndani ya ndege huona ni israfu. Mimi naona kinachonunuliwa pale ni usingizi. Safari ile huchukua takriban saa kumi na nusu. Ndege ya Singapore Airlines huondoka Johannesburg alasiri na kutua Singapore alfajiri, na kwa kuwa Singapore iko mbele ya Nairobi kwa saa tano, wakati abiria anapoteremka saa kumi na mbili asubuhi, mwili wa mtu wa Nairobi bado unahesabu saa saba usiku. Usiku mzima umekatwa katikati, na aliyekaa wima muda wote huo hufika akiwa hajalala hata kidogo.

Katika ndege aina ya Airbus A350-900 tuliyopanda, viti vya daraja hilo vimepangwa kimoja, viwili, kimoja, kiasi kwamba kila abiria hufika kwenye ujia bila kumruka jirani yake. Wakati wa kulala abiria husimama, mhudumu akaugeuza mgongo wa kiti uelekee chini, na upande wa pili ukawa godoro lililotandikwa tayari. Shangazi alilala chali, sawasawa, kama alivyoagizwa na daktari wake. Miaka kadhaa iliyopita niliwahi kulipia daraja hilohilo kwa shirika jingine, nikakuta kitanda chenye mteremko ambacho kilinisukuma kuelekea miguuni usiku kucha. Tangu hapo siangalii jina la daraja, naangalia aina ya ndege na mpango wa viti kabla sijatoa hata shilingi moja. Kitanda, nikumbushe, hakiondoi wajibu wa kutembea. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba safari ya saa nne au zaidi bila kusogea huongeza takriban mara mbili hatari ya damu kuganda katika mishipa, na damu haijui umeketi mbele au nyuma. Kila alipoamka nilimshika mkono tukaenda hadi jikoni mwa ndege na kurudi.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Nairobi tungepaswa kulijua, nalo halilipiwi zaidi. Hewa ndani ya ndege nyingi za zamani hulingana na ile ya mahali palipo mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, yaani juu kidogo kuliko mji wetu wa Nyahururu. Ndege mpya kama A350 na Boeing 787 huishusha hadi takriban mita 1,800, na hapo ndipo Nairobi yenyewe ilipo. Shangazi alikuwa akivuta hewa ya Buruburu juu ya Bahari ya Hindi, na abiria wa daraja la kawaida, nyuma kabisa, alikuwa akivuta hiyohiyo.

Chakula nitakitaja kwa ufupi. Walituletea satay, ambayo ni mishikaki yenye mchuzi wa njugu, vitunguu na matango kando yake. Angani hewa kavu na shinikizo dogo huufanya ulimi uonje chumvi na sukari kwa udhaifu, kwa hiyo chakula chenye viungo vingi kama hicho ndicho kinachobaki na ladha.

Kilichonigusa kuliko yote ni adabu. Kila mhudumu aliyezungumza na Shangazi alichuchumaa kwanza, macho yake yakawa sawa na ya yule mzee, ndipo akauliza. Hakuna aliyemwinamia kutoka juu. Shangazi aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyu kafunzwa nyumbani kwao." Kafunzwa kweli, na kazini pia, kwa maana mafunzo ya wahudumu wa shirika hilo huchukua zaidi ya miezi mitatu.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu historia zetu zinafanana. Malaysia na Singapore zilimiliki shirika moja la ndege hadi lilipogawanywa mwaka 1972. Sisi, Tanzania na Uganda tulimiliki East African Airways hadi lilipovunjika mwaka 1977, na Kenya Airways ikazaliwa mwaka huohuo. Singapore, kisiwa kisicho na safari za ndani, haikuwa na abiria wa kutegemea nyumbani, hivyo tangu mwanzo ililazimika kuwavuta wageni kwa huduma. Vinywaji vya bure na vipokea sauti vya masikioni viliwafikia hata abiria wa daraja la kawaida. Viti vinavyolala hata sisi tunavyo katika Dreamliner zetu, yaani zile Boeing 787 za Kenya Airways. Na kumchuchumalia mzee ni desturi tuliyoijua kabla ya ndege ya kwanza kutua katika uwanja wa Embakasi, Nairobi. Naomba tuifundishe kazini kwa ukali uleule tunaofundishia mambo ya usalama.

Kaka yangu bado anaulizia ile karo, na nimekubaliana naye katika jambo moja. Safari ya kurudi huondoka Singapore baada ya saa sita usiku, nayo ndiyo inayohitaji kitanda kuliko ile ya kwenda. Shangazi akialikwa tena na fedha zikiwa chache, tutamnunulia daraja la biashara upande huo peke yake, na wakati wa kwenda tutamtafutia kiti cha kawaida kando ya ujia, ili aweze kuinuka bila kumwomba mtu ruhusa.