Bibi Nyuma ya Kamera

Nyumba ya bibi yangu, Mkomani, Lamu, ilijengwa na watu wasiopenda kuangaliwa. Nje pana daka lenye vibaraza vya mawe, na mgeni asiye wa ndani huishia hapo. Ukivuka mlango inakupokea tekani, njia ya kuingilia iliyopindishwa makusudi ili jicho la mpita njia ligonge ukuta. Ndipo ufike kiwandani, ule ua ulio wazi juu, halafu misana, vile vyumba virefu vyembamba, halafu ndani kabisa kwenye zidaka, vishubaka vya ukutani, ambako hata jua huingia kwa kubisha hodi. UNESCO waliutia mji mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na bibi hadi leo anashuku kwamba kabla ya kuutia walipita majumbani mwa watu wakichungulia.

Mimi ndiye niliyeingiza watu kumi na wawili mpaka kiwandani bila hata mmoja wao kusalimu.

Kazi yangu ni kufundisha watu kukaa mbele ya kamera. Ndiyo, ni kazi, na watu hulipa. (Bibi naye aliuliza vivyo hivyo.) Kampuni moja yenye hoteli Malindi, Watamu na Diani iliniita niwafunde wafanyakazi wake wa mapokezi na mauzo, kwa kuwa wakala wa Italia au Ujerumani siku hizi hatosheki na barua pepe, anataka kukuona. Na alichokuwa akikiona hakikumpendeza. Huyu kipaji cha uso tu, yule kalipa dirisha mgongo amekuwa kivuli kinachoongea, mwingine anajibu huku anatazama pembeni kama anayemkwepa mdai. Wa Malindi walikuwa na tatizo lao peke yao. Wamekaa na Wataliano hata wamejifunza kuzungumza kwa mikono, na kamera inapoikata ile mikono, nusu ya sentensi inabaki nje.

Nilichagua kiwandani kwa sababu mbili. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, waifai ikifika msana wa pili inakata roho. Na kiwandani kuna mwanga, ambao ndio nusu ya kazi hii: ukikujia kwa mbele una uso, ukikujia kwa nyuma huna. Kasoro ilikuwa moja. Tangu mwaka 2017, profesa mmoja alipokuwa akihojiwa na BBC moja kwa moja kutoka Korea Kusini, wanawe wakamwingilia mmoja baada ya mwingine, sisi wa fani hii hatuachi kusema: funga mlango ulio nyuma yako. Kiwanda hakina mlango. Kina bibi.

Lilibaki suala la kimo. Jicho la kamera linatakiwa lilingane na macho yako. Likiwa chini, unaowazungumzisha wanakuona mapua. Meza yetu ni fupi, ya kunywea kahawa. Vitabu vyenye unene wa kutosha nyumbani mle ni vya dini, na hivyo havikaliwi na kompyuta. Nikaichukua mbuzi ya kukunia nazi, nikaikunjua juu ya meza, ulimi wake wa chuma nikauelekeza ukutani, nikatandika sinia, kompyuta ikakaa juu. Kimo kikawa sawasawa.

Sasa macho. Kamera iko juu ya skrini, na nyuso za watu ziko chini yake. Ukimwangalia mtu usoni, yeye anakuona umeinama. Ukitaka aone unamwangalia, ni lazima uache kumwangalia, ukikazie macho kitundu kisichokuwa na kope wala huruma. Ni kazi ngumu, ndiyo maana wengi wetu hubandika karibu na kile kitundu kitu cha kukizungumzisha, picha ya rafiki au chochote chenye uso. Mimi nilibandika karatasi niliyoichora uso unaocheka. Upepo wa kaskazi ukaingia kwa juu, ukaibandua, ukaondoka nayo kuelekea Langoni.

Bibi alikuwa amekaa nyuma ya kompyuta, sambamba kabisa na kitundu, ungo mapajani, anachambua mchele. Uso kamili, wenye mwanga, na hauchukuliwi na upepo.

"Bibi, nakuomba usiondoke hapo," nikamwambia. "Nitakuwa nakuangalia wewe, lakini sisemi na wewe."

Bibi akapandisha nyusi. Kwa bibi, nyusi kupanda maana yake ni "ndiyo", au "nimekusikia", na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Nikatishe kidogo hapa niseme kwamba punda hakuhusika. Kila ninayemsimulia kisa hiki, akishasikia Lamu, anakaa mkao wa kumsubiri punda. Punda wote wa Mkomani siku hiyo walikuwa na adabu zao, wakibeba mchanga.

Saa nne nikafungua Zoom. Visanduku kumi na viwili vikajaa nyuso, na cha kumi na tatu kikabaki cheusi, kimeandikwa tu "Meneja". Nikawaambia tutaanza na zoezi la kioo: ninachofanya mimi, kila mtu afanye, bila kuuliza, hadi nitakaposema basi. Huwa linawalegeza watu waliokauka. Na wakati wakininakili, nikaingia kwenye somo. Mwaka 2021, nikasema, Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitoa sababu nne za mikutano hii kuchosha. Unajiona mwenyewe kutwa. Hutikisiki ulipokaa. Akili inafanya kazi ya ziada kutuma na kusoma ishara ambazo ana kwa ana hazikugharimu kitu. Na macho: uso mkubwa kiasi kile, karibu kiasi kile, unaokutazama bila kupepesa, katika maisha ya kawaida ni wa mtu anayetaka mapenzi au anayetaka vita.

Haya yote niliyasema nimemtolea bibi macho makavu.

Bibi akaacha kuchambua mchele. Kwa mapenzi nilikuwa mjukuu wake, basi kwake ilibaki vita.

"Weye! Mbona wanikodolea mato?"

Sikufikiri. Kwetu mzee akikuuliza kwa sauti ile humtazami usoni. Macho yanashuka yenyewe. Nikainamisha kichwa, nikavuta mtandio mbele, nikaweka mkono kifuani. "Naam, Bibi. Niwie radhi."

Nilipoinua macho, visanduku kumi na viwili vilikuwa vimeinamisha vichwa. Wanawake wamevuta mitandio. Kijana wa Watamu, kwa kuwa hana mtandio, amejivutia taulo. Mikono yote vifuani. Na kutoka kwenye kompyuta ikatoka sauti ya watu wengi, nzito, yenye unyenyekevu: "Naam, Bibi. Niwie radhi."

Bibi akauweka ungo chini.

"Nani hao?"

Hapo ndipo ningesema "basi", zoezi liishe. Lakini wakati huo huo dakani palikuja mchuuzi wa samaki, akapiga hodi na salamu kwa pamoja: "Hodi! Asalaam aleikum!" Salamu ikitolewa inajibiwa. Nikageuza shingo upande wa tekani, nikaitikia. Kumi na wawili nao wakageuza shingo, kila mmoja kwenye ukuta wake, Malindi, Watamu na Diani, wakaitikia kwa nguvu zao zote: "Waaleikum salaam!"

Dakani kukawa kimya. Kisha mchuuzi akauliza, kwa sauti ya heshima, kama ndani pana hitima. Nami sijafungua kinywa, akajijibu mwenyewe kwamba kwa watu wengi hivyo vipande havitafaa kitu. Akamwacha nguru mzima juu ya kibaraza, akasema hesabu baadaye, akaenda zake.

Bibi naye alikuwa keshapiga hesabu yake. "Kama wageni ni wengi hivi, nazi moya haitoshi. Nipa mbuzi yangu."

"Bibi, ngoja kido..."

Hakungoja. Kompyuta ikapaa na sinia lake. Kwa muda watu wangu wakaona mbingu ya Lamu, kidevu cha bibi kwa chini, boriti za msana, na tundu zangu za pua nikiikimbilia. Bibi akafudikiza sufuria kubwa, akaitua kompyuta juu yake, maana kitu cha watu hakiwekwi tini. Akaiweka mbuzi mbele yake, akaikalia, akashika kifuu cha nazi. Halafu akaisogelea skrini, akaona watu.

"Wamenionea wapi?"

Nikamwonesha kitundu.

"Wachungulia hapa?"

"Naam, Bibi."

Nisingeweza kumfundisha vile hata kwa mwezi mzima. Bibi akishaamini kwamba watu wamo ndani ya tundu wanachungulia, kila neno alilipeleka tunduni, macho hayachezi. Akitaka kujua nani kafanya nini, anatupa jicho kwenye skrini, halafu anarudi tunduni kumgombeza. Mbuzi na sufuria vilikuwa vimempa kimo kilichonishughulisha mimi asubuhi nzima. Mwanga wa kiwandani umemwangukia usoni. Mabega yametulia. Mikono, kwa sababu ya nazi, inaonekana yote miwili, na haifanyi kitu kisichokuwa na maana.

"Wana wa nani hawa?" akaanza. Wakajitaja mmoja mmoja, na baba zao, na mitaa yao. Kwa dada mmoja wa Malindi alisimama, akatafuta, akampata bibi yake upande wa mama. Hapo dada yule akafurahi hata mikono ikaruka nje ya picha.

"Rudisha mikono," bibi akasema. "Sikusikii."

Wa Diani aliyekuwa na dirisha mgongoni akaambiwa: "Weye umekaa gizani, una deni la nani?" Akasogea, akapata uso. Kijana wa Watamu akaambiwa avue taulo, hatoki baharini. Mwingine aliyekuwa akijitazama mwenyewe kwenye skrini na kujipanga nywele, bibi alimtazama tu, akabetua midomo. Mimi nimeandaa nusu saa juu ya kujiondoa usijione kwenye skrini. Bibi alimaliza kwa mdomo wa chini.

Nami nilikuwa wapi? Nilisimama pembeni nimeshika sinia.

Kisha ikafika zamu ya kile cheusi.

"Na huyu?"

"Huyo ni meneja wao, Bibi. Anasikiliza tu."

Mkono wa nazi ukasimama. "Mtu kaingia nyumba ya watu, hakusalimu, hana uso, akaa kimya asikiliza?"

Nyuso kumi na mbili zikawa za mawe. Hapakuwa na aliyethubutu hata kukohoa. Nikafungua kinywa kueleza kwamba kuzima kamera ni haki ya mtu, kwamba nguvu ya mtandao pengine ni ndogo, kwamba mkutanoni wakubwa huwa hivi. Bibi akaniinulia kidole kimoja, bila kuondoa macho tunduni.

"Mwenye nyumba nimekaa hapa. Jioneshe, baba, nikuyue."

Kisanduku kikawaka.

Meneja alikuwa kitandani. Shati limenyooka na tai imefungwa vizuri, hilo nampa, lakini alikuwa amelala chali, kikombe cha chai juu ya kifua, kompyuta imeegemea magoti, na nyuma ya kichwa mto wenye foronya ya kudariziwa kwa uzi mwekundu, herufi kubwa, zinasomeka mpaka Lamu: LALA SALAMA. Akainuka haraka. Chai nayo ikainuka.

"Shikamoo, Bibi," akasema, huku akijifuta.

"Marahaba. U mgonjwa?"

"La, Bibi."

"Hayo ni yako." Akarudi kwenye nazi yake.

Zoezi la kioo sikuwa nimelifunga, ndugu msomaji. Wafanyakazi wale ni watiifu. Meneja alipokuwa akijifuta kifua, wengine wawili watatu nao wakaanza kujifuta vifua. Nikasema "basi" kwa sauti ambayo hata mchuuzi wa samaki, nadhani, aliisikia huko aliko, nikawaaga, nikafunga kompyuta, nikakaa chini kando ya bibi nikihesabu kazi niliyoipoteza na wateja watakaohadithiwa.

Jioni ikaja barua ya meneja. Fupi, yenye adabu. Hakugusia mto. Aliandika kwamba wafanyakazi wameomba vipindi viendelee, na kwamba, kama haitakuwa taabu, Bibi awepo. Aliuliza pia malipo yake yahesabiwe kwa saa au kwa kipindi.

Nikamsomea bibi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mimi nalipwa ngapi. Nikamwambia. Akakaa kidogo.

"Waambie nitawakaribisha. Lakini yule wa mto asalimu kwanda. Na mbuzi ina kodi yake, si kiti cha mashine. Na yule nguru walipe wao, ndio waliomwitikia mtu."

Nikaandika ankara kama alivyoniambia, mstari kwa mstari. Mhasibu wao alipiga simu juzi. Kodi ya mbuzi amekubali. Kwa nguru anataka risiti.