Sindano ya kiwiko, au tuiite kausha damu ya mkono

Nyie mnaofanya kazi za mikono hebu jaribuni hii, simama nyuma ya kiti cha mbao, nyoosha mkono, kishike kiti kwa juu kiganja kikiangalia chini alafu kinyanyue. Ukisikia kama mtu kakuchoma na bisibisi upande wa nje wa kiwiko basi karibu chamani. Mimi nilijigundua kwa birika tu, asubuhi nimelishika nimimine chai mkono ukakataa, chai yote kwenye mkeka na mama watoto akadhani nimefanya makusudi maana usiku wake tulikuwa tumegombana.

Mimi ni seremala hapa Mwanga, Kigoma, randa na msumeno miaka ishirini. Nilipoenda kupimwa dokta akaniambia fundi hiki ni kiwiko cha tenisi. Nikacheka, raketi naionaga kwenye tivii. Kumbe jina ni la Waingereza wa miaka ya 1880 huko waliokuwa wanacheza tenisi kwenye majani, wagonjwa wengi hata mpira wenyewe hawajawahi kuushika, ni mafundi, washonaji, wakamuaji, mtu yeyote anayekaza ngumi na kuzungusha mkono kutwa nzima, hasa kuanzia miaka 35 mpaka 55. Misuli inayonyanyua kiganja imefungwa kwa kano kwenye mfupa wa nje wa kiwiko, na hiyo kano inachoka inaanza kufumuka kama kamba ya ndoo ya kisimani.

Sasa hapo kwenye kufumuka ndo penyewe. Zamani madokta waliona ni uvimbe wa ndani, moto moto hivi, kwaiyo dawa yake ni kuuzima na sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Mwaka 1979 Nirschl na Pettrone kule Marekani wakaeleza walichokuta kwenye kano walizozifanyia oparesheni, sio uvimbe wa kawaida, ni nyuzi zilizovurugika na vimishipa vidogo vilivyoota hovyo, yaani kano iliyojaribu kujiponya ikashindwa. Ukishajua hivyo lazima ujiulize steroidi inaenda kuzima moto gani.

Lakini ukimuuliza aliyechomwa hatakuelewa na hizo habari. Kuna dada mmoja anakamua mawese upande wa Mwandiga, ni mteja wangu, alichomwa sindano moja ya kiwiko, siku mbili za kwanza ikamuuma kuliko mwanzo akawa analia, baada ya hapo wiki ya pili anabeba madebe kama hajawahi kuumwa. Ndo yeye aliyenishawishi. Kaka nenda ukachome, dakika tano tu umemaliza. Nikakaribia kwenda kweli, kilichonizuia ni uzembe na foleni, nisijifanye mjanja.

Nikiwa nyumbani nimekaa bure nikaanza kusoma. Mwaka 2002 watafiti wa Uholanzi walitoa majibu ya jaribio lao kwenye jarida la Lancet, watu 185 wamegawanywa mafungu matatu kwa bahati nasibu, hawa sindano ya steroidi, hawa fizio yaani tiba ya mazoezi, hawa subirini tu mpunguze kinachowaumiza. Wiki ya 6 unasema mjadala umeisha, waliochomwa 92 kati ya kila 100 walikuwa wamepona au wako vizuri sana, fizio 47, wa kusubiri 32. Ningekuonyesha hapo alafu nifunge daftari ungeenda kuchoma leo leo. Ila wale jamaa waliendelea kuhesabu mpaka wiki ya 52, sindano wameshuka wamebaki 69, fizio wamepanda mpaka 91, na wale walioambiwa subirini wako 83. Nilirudia kusoma hapo mara tatu nikidhani simu inanidanganya.

Mtu anaweza kusema labda kinachoharibu ni kule kutoboa toboa, sio dawa. Swali zuri na limeshajibiwa, 2013 huko Australia watu 165 wote walichomwa, wengine steroidi wengine maji ya chumvi tu bila wao kujua ni ipi. Baada ya mwaka waliopona au kupata nafuu kubwa upande wa maji ni 96 kati ya 100, upande wa steroidi 83. Na ugonjwa kurudi ndo balaa, steroidi 54 kati ya 100, maji 12.

Kwaiyo mimi naifananisha na mikopo ya kausha damu. Hela unapata leo, hakuna maswali mengi, shida inaisha, alafu unakuja kulipa kidogo kidogo mpaka unajuta. Ila hapa ndo nataka tuwe wakweli maana wanaosema usikope mara nyingi wana mshahara. Hata hiyo 83 ya steroidi ni watu wengi jamani, sio kwamba ukichomwa ndo umekwisha. Na mwaka mzima ni mrefu. Dokta anaposema pumzisha mkono uangalie utakavyokuwa baada ya miezi kadhaa, anaongea na mtu wa ofisini, akiongea na mkamuaji anamwambia lala njaa kwa adabu. Wiki sita za mkono mzima zinatosha kumaliza oda ya vitanda kumi, ada ikalipwa, mteja asikimbilie kwa fundi mwingine ambaye akishamzoea harudi tena. Hiyo ni faida ya kweli, hamna jarida litakaloipima. Na mtu ambaye usiku halali kwa maumivu siwezi kumwambia vumilia.

Tatizo langu ni kwamba huyo huyo mwenye dhiki ya kuchoma ndo hawezi kuupumzisha mkono baada ya kuchoma. Maumivu yameondoka, kano bado imefumuka vile vile, na yeye anarudi kwenye debe siku hiyo hiyo kwa nguvu zote kwa sababu hakuna kinachomwambia acha. Hayo ni mawazo yangu ya kifundi, ila yanaendana na alichopata yule dada, mwezi wa nne baada ya sindano kiwiko kilirudi kuuma na safari hii mpaka kufungua mfuniko wa chupa hawezi.

Na kuna kitu huku kwetu hakisemwi kabla ya kuchoma. Steroidi ikikaa karibu na ngozi inaweza kuitoa rangi na kula mafuta ya chini yake, kwa mzungu hata hakionekani vizuri, kwetu weusi kinaonekana kutoka barabarani. Yule dada ana baka jeupe kwenye kiwiko, ukubwa wa sarafu ya mia, limebonyea kidogo katikati, na sasa anavaa mikono mirefu Kigoma hii kwenye moto wa mawese kwa sababu watu wanamuuliza ni mba au ni nini. Mara nyingi rangi inarudi yenyewe ila inaweza kuchukua miezi mingi. Mwenye kisukari naye aseme mapema, sukari inaweza kupanda siku kadhaa.

Zipo sindano nyingine. Ile ya kukutoa damu yako, kuizungusha kwenye mashine, alafu kukuchoma ile sehemu yenye chembe za kugandisha damu, inasifiwa sana na bei yake sio ya kitoto. Mwaka 2021 Cochrane, watafiti wanaopitia majaribio ya tiba, walikusanya majaribio 32 yenye watu zaidi ya 2,300 wakaona kwa maumivu na kufanya kazi haina faida ya maana ukilinganisha na sindano ya uongo isiyo na dawa. Ya botoksi, dawa ya kulegeza misuli, inaweza kulegeza vidole vikawa vizito kunyanyuka kwa wiki kadhaa, sasa mshonaji utamwambia nini.

Mimi niliangukia kwenye chupa ya maji. Nusu lita, mkono juu ya meza, kiganja chini, unanyanyua kwa kusaidiwa na ule mkono mwingine usiouma alafu unashusha taratibuuu mwenyewe, mara kumi na tano, unapumzika, unarudia, kila siku, unaongeza uzito kidogo kidogo. Inaboa kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Mpini wa msumeno nimeuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli uwe mnene nisikaze sana, na mbao nanyanyua kiganja kikiangalia juu. Nina mwezi wa saba, birika nashika, randa ndefu bado inaniuma jioni. Nimepoteza oda tatu, nazijua kwa majina ya wateja.

Ukiniuliza ningechoma lini, ningechoma kama kuna kazi moja tu ya kuokoa, yenye mwisho, na nina mtu wa kushika randa ikishaisha. Ya pili nisingechoma.

Wiki iliyopita yule dada kanipitia anauliza arudie ya pili, michikichi yake imeiva na ngazi, yaani mikungu ya chikichi, zinaanza kuoza chini. Nikamwambia yote haya, na ya Uholanzi, na ya baka. Akanisikiliza mpaka mwisho akasema sawa kaka nimekuelewa, sasa nani anikamulie? Nimemtuma kijana wangu wa karakana akamsaidie Jumamosi na Jumapili, Jumatatu namhitaji mwenyewe.