Mwacheni amalize sentensi

Kila Ijumaa mchana shuleni kwetu tuna mdahalo wa Kiingereza, na mada haijabadilika tangu mimi mwenyewe nilipokuwa nakaa kwenye madawati yale: elimu ni bora kuliko fedha. Mwanafunzi anapanda jukwaani na kumwaga salamu. Mwenyekiti mheshimiwa, katibu, mtunza muda, majaji, mabibi na mabwana. Zinatiririka bila kukwama, kwa lafudhi safi kabisa. Anasema anaunga mkono mada. Basi, hapo ndipo maneno yanapomwishia. Anatazama dari, anashukuru kwa kusikilizwa, anarudi kukaa, na anapigiwa makofi.

Wiki iliyopita alipanda binti wa kidato cha pili ambaye salamu zake zilikuwa za kubabaika, lakini alikuwa na jambo la kusema. Mama yake anauza mchele. Alikopa fedha, hakuelewa mkataba aliotia sahihi, na faida yote ikaishia kwenye riba. Binti alitaka kusema kwamba fedha mkononi mwa mtu asiyeweza kusoma karatasi yake si fedha zake. Nani angeweza kuipinga hoja hiyo? Lakini lugha ya kwao haitofautishi sana r na l, na "rice" ilitoka "lice", yaani chawa. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Alishuka bila kumaliza, na jaji mmoja, mwalimu mwenzangu, alikuwa anacheka pamoja na watoto.

Nilimfuata nje nikamwomba anieleze kwa Kiswahili. Alinipa hoja yote kwa dakika mbili, ikiwa na mwanzo wake, sababu yake na mwisho wake.

Sisemi matamshi hayana maana. Kiswahili kina irabu tano tu, na Kiingereza kina nyingi kuliko hizo mara kadhaa, hivyo "ship" na "sheep" kwetu huangukia kwenye i moja. Hilo linafaa kufundishwa. Mtafiti Mwingereza Jennifer Jenkins, katika kazi yake ya mwaka 2000, alichunguza mazungumzo ya watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, akitafuta ni makosa gani hasa yanayowafanya wasielewane. Urefu wa irabu ulikuwa na uzito. Sauti ya th, ambayo tunawatesea watoto kwa kuwatoa ndimi nje, haikuwa nao. (Na kwa th, wenzetu wa pwani wanaotamka thamani na dhahabu sawasawa hawana shida nayo tangu mwanzo.) Kwa kipimo chake, r na l nazo zina uzito, na mimi nazifundisha. Lakini aliyesikia mkopo, gunia na bei ya sokoni hawezi kudhani mtu anauza chawa. Alielewa, akaamua kucheka.

Yanayotuangusha kweli ni mengine, nayo hayachekeshi, ndiyo maana hakuna anayeyasahihisha. Kiswahili kinaruhusu "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja". Tukihamisha, tunaweka "although" na "but" pamoja, na msikilizaji anabaki anatafuta sentensi imegeukia wapi. Ukiniuliza, "Hukuja jana?" nami sikuja, nitajibu, "Ndiyo." Ninakubaliana na ulichosema. Mwingereza akiuliza vivyo hivyo akajibiwa "yes", anaelewa kwamba nilikuja. Hebu fikiria kijana kwenye usaili anaulizwa kama hajawahi kufukuzwa kazi, anajibu "yes" kwa sauti ya kujiamini na matamshi safi. Amejiharibia, wala hatajua kwa nini hakupigiwa simu.

Halafu kuna kuunganisha. Mtoto amesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Anajiokoa kwa kukariri. Anajua fasili ya usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, neno kwa neno, lakini mwulize kwa nini mmea ulioko kabatini unafifia, atakurudishia fasili ileile. Hajawahi kuombwa kusema "kwa sababu" kwa Kiingereza akaendelea na jambo lake mwenyewe. Tumempa sentensi za watu, kisha tunamlaumu kwa kukosa za kwake.

Kwa hiyo darasani kwangu siku hizi hoja inazaliwa kwa Kiswahili kwanza. Wanakaa wawili wawili, mmoja anaeleza, mwenzake anauliza "kwa nini?" mpaka aridhike. Ndipo wanavuka nayo kwenda Kiingereza, sentensi fupi fupi. Wapo walimu wanaoniambia nawadekeza. Mimi naona vinginevyo: mtoto aliyekwisha kuijua njia ya hoja yake anaweza kukosa neno moja akalizunguka, lakini aliyekariri akikosa moja anapoteza yote.

Ijumaa hii nimeomba mambo mawili. Alama za lafudhi ziondolewe kwenye karatasi ya majaji, nafasi yake ichukuliwe na swali moja: je, ametoa sababu? Na jaji atakayecheka kabla mzungumzaji hajashuka, asiitwe tena. La kwanza limekubaliwa. La pili bado linajadiliwa na walimu wenzangu. Binti wa mchele ameandikisha jina lake, wa tatu kuzungumza.