Hotuba ya Paredi Haimfikii Kijana Aliye Hatarini

Harufu ya bangi ikisikika vyooni, shule nyingi hufanya jambo lilelile: anaitwa mgeni, wanafunzi wote wanapangwa uwanjani, wanaonyeshwa picha za mapafu meusi, wanapiga makofi, wanarudi darasani. Mtindo huu naupinga kabisa. Marekani walijaribu jambo la karibu na hili kwa miaka mingi kupitia D.A.R.E., programu iliyoanza Los Angeles mwaka 1983, ambapo polisi walifundisha madarasani. Tathmini zilizofuata zilikuta tofauti ndogo mno kati ya waliofundishwa na wasiofundishwa, na hata hiyo haikudumu.

Madhara vijana wanayajua. Ila mwenye wasiwasi hunywa pombe ili moyo uache kumwenda mbio. Aliyekata tamaa anataka kusahau. Mwenye pupa hukubali kabla hajafikiri, na mpenda msisimko hutafuta kila kilicho kipya. Tabia hizi nne ndizo msingi wa PreVenture, programu iliyobuniwa na mtafiti Patricia Conrod, na ndiyo ningetaka shule ziitazame kwa makini.

Kazi huanza kwa dodoso la sentensi 23. Aliyepata alama za juu katika tabia mojawapo hualikwa kwenye kikundi cha wenzake wa tabia hiyo. Vikao ni 2 tu, kila kimoja dakika 90. Mwaliko hauzungumzii dawa za kulevya. Unazungumzia namna ya kuitumia tabia yako kufikia malengo yako, na kweli muda mwingi huishia hapo.

Ndani ya kikao kijana hupewa karatasi ya kujaza. Tuseme ni mwenye pupa, na leo amesukumwa kwenye foleni. Anaandika kilichotokea, mwili ulihisi nini (masikio moto, ngumi imekaza), wazo lililomjia kwanza, kisha alichofanya. Halafu analirudia lile wazo: "Amenidharau." Je, kuna maelezo mengine? Huenda naye alisukumwa kutoka nyuma. Ustadi huohuo wa kusimama kidogo ndio atakaouhitaji siku atakapopewa sigara.

Kinachoharibu vikundi kama hivi mara nyingi ni uchaguzi wa washiriki. Ukikusanya watoro na wakorofi chumba kimoja, wiki baada ya wiki, watafundishana mbinu na kusifiana. Kupanga kwa tabia ni kitu kingine: mwenye wasiwasi anayeongoza darasani hukaa na mwenye wasiwasi anayefeli, na wengi wao hawajaonja chochote. Ndiyo maana umri wa miaka 12 hadi 14 unafaa, kabla kuonja pombe na dawa hakujazoeleka.

La pili ni siri. Majibu ya dodoso yakifika mezani kwa mwalimu wa nidhamu hata mara moja, mwaka unaofuata kila mtoto atajaza uongo. Yatunzwe na mshauri nasaha, kabatini, chini ya kufuli, na wazazi waelezwe hivyo kabla ya kutoa ridhaa.

Kwa aliyekwisha kuzoea, vikao 2 havitoshi. Apelekwe kwa mtaalamu wa tiba, huku akiendelea na masomo. Kumsimamisha wiki mbili ni kumpa mchana mzima bila uangalizi, mara nyingi karibu na walewale wanaomuuzia.