Mbegu ya mkongo haihitaji kiriba

Juzi nilirudi Msongola, pembezoni mwa Dar, kwenye lile shamba la mihogo lililochoka ambako 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, tulipanda miche, tukapigwa picha, tukaondoka. Nilikagua mashimo 40. Miche hai ilikuwa 6. Nikang'oa mmoja uliokauka: bado umevaa kiriba, kile kifuko cha plastiki cha kuoteshea miche, mzizi umejiviringa ndani kama kata ya kubebea ndoo. Haukuwahi kuugusa udongo wa shamba. Nimeumia sana.

Jamani, kwa nini kila tukisema kupanda miti tunawaza viriba?

Mkongo, ambao wengine mnauita mbambakofi, ni mti wetu wa pwani. Mbegu yake mnaijua, nyeusi tii, yenye kofia ya rangi ya chungwa. Ikiota hutanguliza mzizi mkuu chini, na ndivyo inavyotakiwa, maana masika yakishapita, Juni mpaka Septemba mvua ya huku ni ya kubahatisha, na udongo wetu wa kichanga haukai na maji juu. Mbegu iliyootea palepale inakuwa imeshayafuata maji huko chini. Mche uliojikunja kwenye kiriba unasubiri ndoo, na shambani kule hakuna wa kubeba ndoo.

Shangazi yangu wa Chanika hajawahi kuotesha mche. Nyuma ya jiko lake, pale anapomwaga kokwa baada ya kukamua ukwaju, umesimama mkwaju unaolipita paa. Nilipomuuliza nani aliumwagilia, akanishangaa: "Mvua, mwanangu."

Kazi yenyewe ni hii. Mbegu ya mkongo ondoa ile kofia, ikwaruze ganda kwenye tofali upande usio na jicho, iloweke usiku mmoja. Mvua zikishika, fukia tatu kila shimo, kina cha pingili moja ya kidole. Kisha palilia. Narudia, palilia, maana nyasi ndizo zinazoua, kuliko hata jua. Mwaka wa kwanza usipozitoa, bora mbegu ungebaki nazo.

Nakubali, nyingi hupotea. Panya watachimbua, mchwa watakula, nyingine hazitaota kabisa, ndiyo maana tunaweka tatu. Mvule nao mbegu zake ni ndogo mno, huo acheni uende kitaluni. Na pale ambapo visiki bado vinachipua, wenzetu wa Dodoma wameshaonyesha, kwa njia inayoitwa kisiki hai, kwamba hata mbegu si lazima, chipukizi linatunzwa tu. Lakini mashamba yetu ya pembezoni mwa Dar, yaliyong'olewa mpaka visiki kwa ajili ya mkaa, yataotesha nini bila mbegu?

Kinachonichoma zaidi ni fomu. Nilikwenda ofisini kuomba nusu eka ya shamba lile tuipande mbegu za mkongo na mkwaju. Nikapewa karatasi yenye safu ya "idadi ya miche" na safu ya tarehe ya kupanda. Ya kuandika ni mingapi iliyo hai mwaka unaofuata haikuwepo. Nikaomba kalamu, nikapiga mstari pembeni, nikaongeza safu hiyo kwa mkono. Mbegu ninazo, kopo zima, niliziokota chini ya mkongo mmoja wa jirani kule Kisarawe kwa ruhusa yake. Nasubiri nijibiwe kabla ya masika.